Pete Ilikuwa Kwenye Nne na Nusu

Mwezi uliopita, wiki moja kabla sijakabidhi sare, askari mmoja kijana wa wanyamapori alirudisha bunduki mpya ghalani akilalamika kwamba darubini yake ni mbovu.

"Mzee Deo, msalaba wa hii kitu unanenepa," aliniambia. "Nikivuta karibu unanenepa, nikirudisha unakonda kama uzi. Tumepewa feki."

Wenzake wawili wakamuunga mkono. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Yule kijana alikuwa ameona jambo asilolielewa, akaja kuuliza. Mimi katika umri wake sikuuliza, na gharama yake ilimwangukia mtu mwingine. Ndiyo maana nawaandikia kurasa hizi ninyi mnaobaki kituoni. Vyeo na mshahara nitaviacha. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua.

Nianze na darubini yenyewe ili asiyeijua asipotee. Ndani ya darubini ya bunduki kuna msalaba mwembamba wa kulengea, na chini yake kuna alama ndogo za kulengea mbali, kwa kuwa risasi hushuka kadiri inavyokwenda. Nje kuna pete. Ukiizungusha, unachokitazama kinakuja karibu au kinarudi mbali, kuanzia mara tatu hadi mara tisa. Sasa jambo la kujua ni hili: huo msalaba umewekwa mbele ya vioo vya kukuza au nyuma yake? Ukiwa mbele, vioo vinakuza vyote kwa pamoja, mnyama na alama, kwa hiyo alama inapima urefu uleule kwenye namba yoyote. Hizo ndizo darubini zenu mpya, za msalaba unaonenepa. Hazina ubovu wowote. Ukiwa nyuma, mnyama anakua na kupungua lakini msalaba unabaki na unene wake siku zote. Unapendeza machoni, ila alama zake zinasema kweli kwenye namba moja tu, mara nyingi ile kubwa kabisa. Mimi nilifanya kazi na hizo za nyuma karibu maisha yangu yote.

Nilifika kituoni Ifakara na cheti cha kidato cha nne, sanduku la bati, na imani kubwa juu yangu mwenyewe. Baba yangu alikuwa na gobole kule Idete, na nilikuwa nimeshaangusha nguruwe pori kadhaa waliokuwa wakila mahindi yetu. Nilidhani nitapewa bunduki siku ileile. Badala yake nilipelekwa kwa fundi wa silaha, Mzee Ponsiano, Mpogoro wa Mahenge, mfupi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kamba ya mita mia moja.

"Nenda uwanja wa mpira," alisema. "Inyooshe, halafu uitembee. Niletee idadi ya hatua."

Nikamletea. Akaniambia nirudie. Nikarudia, idadi ikawa nyingine. Akanirudisha. Wiki nzima nilitembea kwenye ule uwanja, mpaka wanafunzi wa shule ya jirani wakanizoea na kuanza kunihesabia kwa sauti, wakinichanganya makusudi. Siku ya sita hatua zangu zilitoka sawa mara kumi mfululizo. Mzee Ponsiano hakunipongeza. Alinionyesha mti ng'ambo ya uwanja na kuuliza, "Ule uko mbali kiasi gani?" Nikatazama, nikajikuta najua.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa hiyo. Hakupandisha sauti hata mara moja kwa miaka yote niliyomjua. Alikuwa na matambara matatu, la mafuta, la kukausha na la mwisho, na ole wake atakayeyachanganya. Akimaliza kusafisha bunduki alifumba macho na kuikoki taratibu karibu na sikio, kama daktari anayesikiliza kifua. Mara mbili nilimwona akirudisha bunduki mezani kwa sauti ambayo mimi sikuisikia, na mara zote mbili alikuta ufa.

Darubini ya kwanza yenye pete ilipoletwa, mimi nilikuwa na miaka minne kazini na nilikwishakuwa mpigaji bora wa kituo. Sijisifu, naeleza ugonjwa ulipoanzia. Kijitabu cha maelezo kilikuwa kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua pale, hata mkuu wa kituo, ingawa yeye alikipekua kwa muda mrefu akitikisa kichwa. Mzee Ponsiano alikichukua, akatazama michoro, akakiweka chini ya mguu mmoja wa meza uliokuwa mfupi. Kisha akatengeneza ubao, akauchora mistari kwa mkaa, kila mstari mbali na mwenzake kwa upana wa kiganja, akausimamisha mita mia moja. Akailaza bunduki juu ya magunia ya pumba za mpunga. Akatazama, akazungusha pete, akatazama tena. Siku mbili hakufanya kazi nyingine. Siku ya tatu alituita.

"Kwenye tisa," alisema, "kutoka msalaba hadi alama ya kwanza ni kiganja kimoja cha ule ubao. Ukienda mita mia mbili inakuwa viganja viwili, na viganja viwili ndivyo risasi yetu inavyoshuka pale. Kwa hiyo kwenye mia mbili, lenga kwa alama ya kwanza, utapiga. Lakini rudisha pete kwenye nne na nusu. Alama ileile sasa inashika viganja vingapi?"

Mtu mmoja akatazama, akasema viwili.

"Umeona? Ubao umepungua, alama imegoma kupungua. Ukilenga kwa alama ukiwa hapo, risasi itapita juu. Alama hizi ni za tisa tu. Namba nyingine zote, tumia msalaba na uwe karibu."

Kesho yake alikuja na chupa ya rangi ya kucha ya mkewe, nyekundu, akachora mstari kwenye pete palipo na tisa. Mkewe alimtafuta mpaka kituoni kwa ajili ya chupa hiyo. Mimi siku ya somo nilikuwa nimesimama nyuma nikimwambia jirani yangu kwamba mtu anayejua kupiga hahitaji viganja.

Sasa nifike kwenye mamba.

Ilikuwa kiangazi, maji ya Kilombero yameshuka na mchanga umetokeza. Kwenye kivuko kimoja upande wa kijiji cha Namawala mamba alimchukua mama mmoja, Mhoja, aliyekwenda kuteka maji asubuhi. Mumewe alikuwa Maduhu, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka michache kabla. Hawakuupata mwili. Baada ya siku nne mamba akaonekana akiota jua ng'ambo, palepale, kwenye ukingo wa udongo. Mkuu akanituma mimi.

Nilipofika nilikuta watu wengi wamekaa kimya, Wandamba na Wasukuma pamoja, jambo ambalo siku hizo halikuwa la kawaida sana pale. Maduhu alinipa mkono. Nilikadiria ng'ambo kwa macho: mita mia mbili, na nilikuwa sahihi, hatua za uwanjani hazikupotea. Nikalala chini, pete ikiwa kwenye tisa. Kwenye tisa picha ni kubwa lakini dirisha ni dogo, na maji yalikuwa yanang'aa. Nilitafuta mamba nikaona matete tu. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Hamwoni?" Nikaona aibu. Nikarudisha pete hadi nilipompata, amelala kama gogo, mdomo wazi. Nikaweka alama ya kwanza nyuma ya jicho lake. Nikapiga.

Udongo uliruka juu ya kichwa chake. Mamba akageuka mara moja, akaingia majini.

Mtu akapiga yowe. Mimi nilitazama mkono wangu, na mkono wangu ulikuwa juu ya pete, na mstari mwekundu ulikuwa mbali na mahali pake. Nilielewa papo hapo. Lile somo lote ambalo sikulisikiliza lilinijia kwa ukamilifu. Basi nikafanya mambo mawili ambayo sijayafanya tena maishani: niliirudisha pete kwenye tisa kabla sijainuka, na nikageuka kuwaambia watu, "Darubini imehama. Haikufungwa vizuri."

Kwenye ripoti niliandika hivyohivyo. Mkuu hakuchunguza; alimwita Mzee Ponsiano, akamwambia macho yake yamezeeka, akachukua funguo za ghala. Mzee alizifungua kutoka kwenye mkanda wake moja moja, akaziweka mezani, akaaga.

Siku mbili baadaye alikwenda kivukoni kwa baiskeli, peke yake. Sikujua. Nilijua aliporudi akaniita nje.

"Deo, nimeona alama ya tumbo la mamba kwenye ule udongo. Nimeona na tundu la risasi. Risasi imepita juu shubiri moja, wala haikwenda kushoto wala kulia. Darubini iliyolegea hupeleka risasi popote." Alinionyesha kiganja chake. "Shubiri moja ni viganja viwili. Pete ilikuwa kwenye ngapi?"

Mtu huyu alikuwa amesoma namba yangu kwenye ukingo wa mto, siku mbili baada ya tukio, kwa mkono wake kama rula.

"Tisa, mzee," nilisema.

"Haya," akasema, akaenda zake.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini mamba, baada ya risasi ile, hakuonekana tena mchana, na kule kivukoni watu walianza kuulizana. Mpigaji bora wa kituo amekosaje mamba aliyelala? Bunduki ya serikali inakosaje? Walikuwepo waliosema risasi imegeuzwa njiani, kwamba yule si mamba wa mto bali ni wa mtu. Na mtu mwenyewe walikuwa naye tayari. Bibi Yustina, mfinyanzi mjane, Mndamba, alichimba udongo wa vyungu kwenye ukingo uleule miaka mingi na hakuwahi kuguswa. "Mbona yeye hamchukui?" ndilo lililokuwa swali. Siku ya saba tangu nipige, bibi akiwa kwenye sala za jumuiya, nyumba yake ilichomwa pamoja na vyungu vyote vilivyokuwa vinakauka. Aliyechoma hakujulikana. Akahifadhiwa jikoni parokiani, na kijiji kikamwambia ahame.

Nilisikia habari hizo siku ileile. Ningeweza kwenda jioni hiyo na kusema sentensi moja. Sikwenda. Nilijiambia kwamba mtendaji wa kijiji atatuliza watu, kwamba Padri yupo, kwamba mimi si polisi. Nilikuwa na sababu nyingi, na zote zilikuwa nzuri.

Siku ya kumi na moja mtendaji aliitisha mkutano kivukoni. Mzee Ponsiano alimwomba mkuu ruhusa ya kuipeleka bunduki ileile, akaomba na mimi niwepo. Bibi Yustina aliletwa, akakalishwa kwenye mkeka pembeni, peke yake. Hakuna aliyekaa karibu naye isipokuwa katekista. Mzee akasimama mbele ya watu.

"Mimi ndiye niliyefunga darubini hii," alisema. "Niliifunga vibaya. Risasi haikugeuzwa na mtu yeyote. Ilikwenda nilikoielekeza mimi kwa uzembe wangu. Huyu mama hana mamba."

Nilimtazama nisiamini. Tangu nimjue sikuwahi kusikia akikiri kosa la bunduki, kwa sababu hakuwahi kuwa nalo.

Maduhu akainuka. "Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Nakuheshimu. Lakini hapa tumesikia maneno mengi. Bunduki si ndiyo hiyo? Imeguswa tangu siku ile?"

"Haijaguswa."

"Basi ipigeni hapa tuone. Ikikosa, tutajua ni chuma kibovu. Ikipiga sawa..." Hakumaliza. Alimtazama bibi, na watu wote wakamtazama bibi.

Mzee Ponsiano hakujibu. Nilijua kwa nini. Ile bunduki ingepiga sawasawa, maana aliifunga yeye, na kila risasi nzuri ingekuwa ushahidi dhidi ya yule mama. Uongo wake wa wema ulikuwa umefika mwisho wa njia. Sijui hadi leo kama hakuliona swali lile likija, au kama aliliona tangu asubuhi na akaniachia nafasi makusudi. Nilichoona ni kwamba hakugeuka kunitazama, hata kidogo.

Nikasimama. "Bunduki ni nzima," nilisema. "Mzee hakukosea kitu. Nilikosea mimi."

"Sasa tumsikilize nani?" mtu akapaza sauti. "Mmoja anakosea, mwingine anakosea, mamba anashiba!"

Watu wakacheka, kicheko kibaya. Nikaomba boksi la sabuni. Tukalichora duara kwa mkaa katikati, mwenye mtumbwi akalipeleka ng'ambo akaliegemeza palepale mamba alipolala, akarudi. Nilimwomba Maduhu alale kando yangu. Nikaweka tisa, nikamwonyesha.

"Weka msalaba kwenye duara. Alama ya kwanza chini yake inafika wapi?"

"Inafika chini ya boksi, ukingoni."

"Kwa hiyo inashika nusu ya boksi. Sasa mimi nalenga duara kwa hiyo alama." Nikapiga. Mwenye mtumbwi akaenda, akanyanyua boksi na kuingiza kidole kwenye tundu, ndani ya duara. Manung'uniko yakaanza, na nikamsikia bibi akivuta pumzi.

"Subirini," nilisema. "Maduhu, zungusha mwenyewe. Nne na nusu. Tazama."

Alizungusha. Akatazama kwa muda, jicho lake likiwa limebana kama la mtu anayekagua jino la ng'ombe. "Boksi limekuwa dogo," akasema. "Msalaba haujawa mdogo."

"Na alama?"

"Imeshika boksi zima. Juu mpaka chini." Akainua kichwa. "Kijiti kilekile cha alama?"

"Kilekile. Siku ile pete ilikuwa hapo ilipo sasa. Nilirudisha pete nimtafute, nikasahau kuipeleka mbele. Nikalenga kwa alama."

"Piga."

Nikalenga duara kwa alama ileile, bila kugusa pete. Ukingo wa juu wa boksi ukararuka, shubiri moja juu ya duara. Hakuna aliyesubiri mtumbwi, wote waliona.

Maduhu alitaka kutazama mara nyingine, akazungusha pete kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Halafu wengine wakaja, mmoja mmoja, wazee kwanza. Ilichukua asubuhi yote. Mzee Ponsiano alisimama kando akiwaeleza kwa sauti yake ndogo, kiganja kwa kiganja, na nilishangaa kuona jinsi walivyomwelewa upesi. Walimsikiliza kuliko nilivyomsikiliza mimi.

Mwishowe Maduhu akanijia. "Kwa hiyo ni mamba tu."

"Ni mamba tu."

"Na wewe ulijua lini?"

"Siku ileile. Kabla sijainuka pale chini."

Alinitazama bila hasira, na afadhali ingekuwa hasira. Kisha akaenda hadi kwenye mkeka, akainama mbele ya Bibi Yustina. "Bibi, shikamoo," alisema. Bibi hakuitikia. Aliinama muda mrefu akisubiri, na bibi hakuitikia.

Tulirudi Ifakara kwenye gari la kituo, mimi na Mzee Ponsiano nyuma. Tulipokaribia mji alisema, "Risasi ya pili ulivuta vizuri. Ya kwanza uliiharakisha." Hakuniambia jambo jingine kuhusu siku ile, wala mwaka ule, wala hadi tulipomzika. Nilibadilisha ripoti kwa mkono wangu, mkuu akarudisha funguo, na yaliyonipata mimi ni mambo ya vyeo, nayo nimesema nayaacha. Mamba tulimpata wiki kadhaa baadaye, kwa hatua sitini, msalaba tu, pete kwenye tatu.

Kijiji kilimwambia Bibi Yustina kwamba anaweza kukaa, na vijana walijitolea kumjengea nyumba. Alikataa. Alikuwa na binti Mlimba aliyeolewa na mfanyabiashara wa mpunga, akaamua kwenda huko. Niliomba kumpeleka stesheni, naye alikubali, nadhani kwa sababu ya mzigo. Alikuwa na fuko la nguo na jiwe la kulainishia vyungu, basi. Tulikaa kwenye benchi tukisubiri treni iliyochelewa. Nilimwomba msamaha kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga usiku kucha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kukosa mnyama kunatokea," alisema. "Mume wangu alikuwa mwindaji, alikosa sana. Hilo silo ninalokuuliza. Siku nne zilipita nyumba yangu ikiwa majivu nawe unajua. Na saba kabla ya hapo. Siku kumi na moja, mwanangu. Ulikuwa unangoja nini?"

Treni ilipofika nilimpandishia fuko, akaketi upande wa dirisha, akaendelea kunitazama. Aliuliza kwa kweli, akitaka kujua. Nilisimama pale chini mpaka behewa la mwisho likapita, nikitafuta jibu ambalo ningeweza kumpa mtu mzima.